TANGAWIZI: Faida zake kwa mwili, na mipaka yake

Nyumba nyingi za mijini hazikosi kipande cha tangawizi jikoni. Asubuhi hupondwa na kutiwa katika chai ya maziwa. Jioni huchanganywa na kitunguu saumu kuungia mchuzi wa nyama au ndengu. Kule Pwani, wauzaji wa kahawa huichemsha pamoja na kahawa chungu inayonywewa barazani, na katika mikahawa ya Nairobi mteja mwenye mafua akiagiza "dawa", huletewa kikombe cha maji moto yenye tangawizi, limau na asali.

Jina hilo, "dawa", ndilo ningependa tulichunguze leo, mpendwa msomaji. Je, tangawizi ni dawa kweli? Kama ni dawa, inatibu nini, na kwa kiasi gani? Na je, kuna watu wanaopaswa kujihadhari nayo?

Maswali haya yana uzito kuliko mtu anavyoweza kudhani. Sisi madaktari huwaona watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoteseka kwa kichefuchefu wiki nzima, hasa akina mama wajawazito, bila kujua kwamba nafuu yao huenda imelala jikoni na haigharimu pesa nyingi. Wa pili ni wale waliokunywa tangawizi siku nyingi wakitumaini kupona, kumbe ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua ulihitaji matibabu ya hospitali tangu siku ya kwanza. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wote wawili.

TANGAWIZI NI NINI?

Wengi husema tangawizi ni mzizi. Kwa hakika, sehemu tunayokula ni shina la mmea ambalo badala ya kupanda juu hutambaa chini ya udongo na kunenepa kwa kuhifadhi chakula. Wataalamu wa mimea huuita mmea huu Zingiber officinale. Ni ndugu wa manjano na iliki, viungo vingine viwili ambavyo wapishi wetu wanavijua vyema.

Asili yake ni nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Wachina na Wahindi waliitumia kama kiungo na kama dawa kwa maelfu ya miaka, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wakaieneza hadi Uarabuni, Ulaya na kwetu Afrika Mashariki. Leo, sehemu ya tangawizi inayouzwa katika masoko ya Kenya hutoka kwa majirani zetu Uganda na Tanzania, ambako wakulima wa sehemu kama wilaya ya Same huitegemea kama zao la biashara.

Karibu asilimia 80 ya tangawizi mbichi ni maji. Ina madini na vitamini kidogo, lakini kwa kuwa mtu hutumia kipande kidogo tu, hatuwezi kuihesabu kuwa chakula cha kujenga mwili. Nguvu yake imo katika kemikali zinazoipa ule ukali unaowasha ulimi. Kemikali kuu katika tangawizi mbichi huitwa jinjeroli. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo sababu kijiko cha unga wa tangawizi huwasha kuliko kijiko cha tangawizi mbichi.

KICHEFUCHEFU: HAPA NDIPO TANGAWIZI INAPONG'AA

Kati ya mambo yote ambayo watu huyataja kuhusu tangawizi, lililothibitishwa vizuri zaidi na uchunguzi wa kitaalamu ni uwezo wake wa kupunguza kichefuchefu na kutapika.

Ili kuelewa sababu, fahamu kwanza namna kichefuchefu kinavyotokea. Katika kuta za tumbo na utumbo kuna kemikali iitwayo serotonini. Tumbo linapochokozwa, kemikali hii hugusa neva fulani, nazo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna jambo lisilo la kawaida. Ubongo ukipokea habari hizo, moyo huchafuka, mate hujaa kinywani, na hatimaye mtu hutapika. Jinjeroli na shogaoli huonekana kuziba baadhi ya milango ambayo serotonini hupitia kuzigusa neva hizo. Baadhi ya dawa za hospitali za kuzuia kutapika, kama vile ondansetroni, hufanya kazi kwa kuziba milango iyo hiyo, ingawa zenyewe zina nguvu zaidi.

Jambo la pili ni kwamba tangawizi huharakisha tumbo kukisukuma chakula kuelekea kwenye utumbo. Mnamo mwaka 2008, watafiti wa Taiwan waliwapa watu 24 wenye afya gramu 1.2 za tangawizi kisha wakawanywesha supu. Muda wa tumbo kujipunguza hadi nusu ulishuka kutoka dakika 27 hivi hadi dakika 13. Kwa hiyo yule mtu ambaye baada ya kula huhisi tumbo limejaa na kubana, anaweza kupata nafuu kwa kikombe cha maji ya tangawizi.

Habari za tangawizi na kichefuchefu cha safari zilianza kuwavutia madaktari mwaka 1982. Mwaka huo jarida la tiba la Uingereza liitwalo Lancet lilichapisha jaribio ambalo watu 36 waliwekwa kwenye kiti kinachozungushwa. Waliopewa unga wa tangawizi walistahimili mzunguko huo kuliko waliopewa dawa ya kawaida ya kichefuchefu cha safari. Mwaka 1988, watafiti wa Denmark waliwajaribu wanafunzi 80 wa jeshi la wanamaji katika bahari iliyochafuka. Waliomeza gramu moja ya tangawizi walitapika na kutokwa na jasho jembamba kwa nadra kuliko wenzao waliomeza vidonge bandia visivyo na dawa. Ni kweli kwamba majaribio mengine ya baadaye hayakuona tofauti kubwa, kwa hivyo si kila msafiri atakayefaidika. Hata hivyo, ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaochafukwa na moyo pindi matatu inapoanza kupanda na kushuka kona za Bonde la Ufa, hakuna ubaya kutafuna kipande kidogo cha tangawizi nusu saa kabla ya safari.

Wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali nao wamechunguzwa. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusisha wagonjwa 576, ulionyesha kwamba kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja ya tangawizi kwa siku, pamoja na dawa zao za kawaida za kuzuia kutapika, kilipunguza kichefuchefu katika siku ya kwanza ya matibabu. Zingatia maneno hayo: pamoja na dawa zao. Mgonjwa wa saratani asianze kutumia tangawizi kama tiba kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa kuwa damu yake huenda ina upungufu wa chembe zinazosaidia kuganda.

MAMA MJAMZITO NA TANGAWIZI

Sasa tuje kwa wale ambao pengine ndio wanaoihitaji tangawizi kuliko wote.

Wajawazito wengi, yapata saba katika kila kumi au zaidi, hupata kichefuchefu. Aghalabu huanza mimba inapokaribia wiki ya sita, huzidi kati ya wiki ya nane na ya kumi, kisha hupungua kuanzia wiki ya 12 hadi ya 14. Ingawa watu huita hali hii "ugonjwa wa asubuhi", kuna akina mama wanaosumbuliwa kutwa. Chukua mfano wa mama mwenye mimba ya wiki tisa, anayedamka alfajiri, apande matatu iliyojaa moshi na harufu za kila namna, kisha akae ofisini au dukani hadi jioni. Kila akinusa kitunguu kinachokaangwa, tumbo hupinduka. Chakula hakipiti. Mama huyu huambiwa na watu wa nyumbani avumilie, eti mimba ndivyo ilivyo. Ni kweli kwamba hali hii ni ya kawaida, lakini si lazima ateseke bila msaada.

Mwaka 2001, madaktari wa Chiang Mai, Thailand, walichapisha uchunguzi wa wajawazito 70 waliokuwa na kichefuchefu. Nusu yao hivi walipewa gramu moja ya tangawizi kwa siku, wengine wakapewa vidonge bandia, kwa muda wa siku nne. Katika kundi la tangawizi, akina mama 28 kati ya 32 walipata nafuu. Katika kundi la vidonge bandia, waliopata nafuu walikuwa 10 kati ya 35. Uchunguzi mwingine kadhaa umeonyesha mwelekeo uo huo, na kwa sababu hiyo madaktari wa uzazi wa nchi nyingi huitaja tangawizi, pamoja na vitamini B6, miongoni mwa mambo ya kujaribu mwanzoni.

Wengi huniuliza: "Daktari, je, tangawizi haiwezi kuharibu mimba?" Hofu hii ni ya haki, na jibu ni kwamba kwa kiasi kidogo kinachotumiwa chakulani haijaonekana kuleta madhara hayo. Huko Norway, wataalamu walifuatilia rekodi za wajawazito zaidi ya 68,000, ambapo 1,020 kati yao walikuwa wametumia tangawizi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, hayakuonyesha ongezeko la watoto wenye kasoro za maumbile wala la vifo vya watoto tumboni. Hata hivyo, mama ambaye mimba yake inavuja damu, aliyewahi kupoteza mimba, au anayekaribia kujifungua, asitumie tangawizi kama dawa bila kuongea kwanza na daktari au mkunga.

Kiasi kinachofaa mama mjamzito ni kama gramu moja ya unga kwa siku nzima, yaani nusu kijiko cha chai. Ikiwa ni tangawizi mbichi, kijiko kimoja cha chai cha tangawizi iliyopondwa kinatosha. Agawe kiasi hicho mara tatu au nne, na anywe kwa mafunda madogo madogo. Vilevile ale kidogo kidogo mara nyingi badala ya kungoja mlo mkubwa, na aweke mandazi makavu au biskuti kando ya kitanda ili apate kutafuna kabla ya kuinuka asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wengi hawalijui. Sisi Wakenya tumezoea kutia tangawizi katika chai ya majani. Majani ya chai yana kemikali inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma, na mjamzito anahitaji madini hayo kwa wingi ili asipungukiwe na damu. Mama anayemeza vidonge vya chuma alivyopewa kliniki kwa kikombe cha chai ya tangawizi anapoteza sehemu kubwa ya faida ya vidonge hivyo. Afadhali achemshe tangawizi katika maji matupu, na kama ni lazima anywe chai, ainywe saa moja au mbili kabla au baada ya vidonge na chakula.

DALILI AMBAZO MJAMZITO ASIZIPUUZE

Kichefuchefu cha mimba na maradhi mengine hufanana, na hapa ndipo uhai wa mama unapoweza kuwa hatarini. Nakusihi, ewe mama, na wewe pia mume, mama mkwe au dada unayeishi naye, mwende hospitalini bila kuchelewa iwapo:

• Anatapika kila anachokula na kunywa kwa siku nzima, hata maji hayakai tumboni.

• Mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya majani ya chai, au anahisi kizunguzungu anaposimama. Hizo ni dalili za kuishiwa na maji mwilini.

• Uzito wake unapungua kwa haraka.

• Ana homa, kutetemeka au maumivu ya kichwa na mwili. Huenda ni malaria, ambayo ni hatari sana kwa mjamzito na kwa mtoto aliye tumboni. Tangawizi haiui vimelea vya malaria.

• Anaumwa anapokojoa au mgongo unamuuma upande mmoja, jambo linaloweza kuashiria maambukizo ya figo.

• Kichefuchefu kimeanza au kimerudi baada ya mwezi wa tano, hasa kikiandamana na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Hii inaweza kuwa shinikizo la damu la mimba, linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Mama wa aina hii hafai kulala nyumbani hata usiku mmoja akingoja kupambazuke.

MAUMIVU YA HEDHI NA YA VIUNGO

Tangawizi pia hupunguza, kwa kiasi fulani, utengenezaji wa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na maumivu. Dawa kama ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa njia hii hii, ila zenyewe zina nguvu zaidi.

Kuhusu hedhi, mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wanafunzi wa kike 150 wa chuo kikuu. Kundi moja lilipewa miligramu 250 za unga wa tangawizi mara nne kwa siku katika siku tatu za kwanza za hedhi, na makundi mengine mawili yakapewa ibuprofeni na asidi ya mefenamiki. Nafuu iliyopatikana haikutofautiana sana baina ya makundi hayo. Upungufu wa uchunguzi huo ni kwamba hapakuwa na kundi la vidonge bandia. Hata hivyo, msichana ambaye vidonge vya maumivu humwumiza tumbo anaweza kujaribu tangawizi. Lakini ikiwa maumivu humlaza kitandani kila mwezi, au damu hutoka kwa mabonge, aonwe na daktari, kwani huenda kuna uvimbe katika kizazi.

Kuhusu maumivu ya magoti yatokanayo na kulika kwa viungo uzeeni, uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2001 uliwahusisha wagonjwa 247. Kati ya waliotumia dondoo la tangawizi, asilimia 63 walisema maumivu yamepungua. Lakini hata kati ya waliopewa vidonge bandia, asilimia 50 walisema hivyo hivyo! Kwa hiyo faida ipo lakini ni ndogo, na waliotumia tangawizi walilalamika zaidi kuhusu tumbo kuchafuka. Mzee anayeumwa na magoti atafaidika zaidi akipunguza uzito wa mwili na kufanya mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli ya mapaja, huku tangawizi ikiwa nyongeza tu.

MAFUA, KIKOHOZI NA WATOTO WADOGO

Maji moto ya tangawizi, limau na asali hulainisha koo, hufungua pua kwa mvuke wake na humfanya mgonjwa wa mafua ajisikie vizuri. Hilo linatosha kuwa sababu ya kuyanywa. Lakini hayaui virusi vya mafua. Mafua hupona yenyewe baada ya wiki moja hivi, unywe tangawizi usinywe.

Utakumbuka kwamba mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini, sufuria za tangawizi, malimau na vitunguu saumu zilichemka katika nyumba nyingi asubuhi na jioni. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba mchanganyiko huo ulimkinga mtu yeyote au kumponya. Hatari yake haikuwa katika kikombe chenyewe bali katika siku zilizopotea kwa mgonjwa aliyeshindwa kupumua huku akiambiwa aongeze tangawizi.

Hatari hiyo ipo hadi leo kwa watoto wetu. Nimonia ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini. Mtoto akikohoa, usikimbilie kuponda tangawizi kabla ya kumtazama anavyopumua. Mvue shati akiwa ametulia, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi 11 mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, basi anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Vilevile tazama kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi. Ukiona lolote kati ya hayo, au mtoto akikataa kunyonya au kunywa, mpeleke hospitalini mara moja.

Kadhalika, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone moja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili hana haja ya kutibiwa kwa tangawizi.

JE, KISUKARI NA SHINIKIZO LA DAMU?

Kuna uchunguzi mdogo mdogo unaoonyesha kwamba gramu mbili au tatu za unga wa tangawizi kwa siku zinaweza kuteremsha kidogo kiwango cha sukari katika damu ya watu wenye kisukari. Mambo kama hayo yamesemwa pia kuhusu shinikizo la damu na mafuta mwilini. Matokeo haya yanatia moyo, lakini ni madogo na hayalingani kila mahali.

Kwa hivyo, mtu asimwambie mgonjwa aache metformini, insulini au vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu ameanza kunywa tangawizi. Shinikizo la damu haliumi. Mgonjwa aliyeacha vidonge anaweza kujihisi mzima kwa miezi kadhaa, hadi siku anapopooza upande mmoja. Hasara ya namna hiyo haitengenezwi tena.

Kuhusu saratani, kemikali za tangawizi zimeonekana kuzuia chembe za saratani katika vyombo vya maabara. Kutoka chombo cha maabara hadi mwili wa binadamu ni safari ndefu, na hadi sasa hakuna saratani ya binadamu iliyothibitishwa kutibiwa kwa tangawizi.

Pia kumbuka sukari. Anayekunywa vikombe vinne vya chai ya tangawizi kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, hutia mwilini vijiko 12, yaani karibu gramu 50. Soda zenye ladha ya tangawizi nazo zina sukari nyingi na tangawizi kidogo. Hapo madhara ya sukari huzidi faida ya tangawizi.

NANI AJIHADHARI?

Tangawizi ya kiasi cha kuungia chakula ni salama kwa watu wengi. Lakini wafuatao wasiitumie kwa wingi, wala wasinunue vidonge vyake, kabla ya kumwona daktari:

• Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, klopidogreli au aspirini ya kila siku. Tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

• Wanaotarajia kufanyiwa upasuaji. Ni vyema waache tangawizi nyingi wiki moja au mbili kabla, na wamwarifu daktari.

• Wenye vijiwe katika mfuko wa nyongo, kwani tangawizi huongeza utoaji wa nyongo.

• Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara. Baadhi yao huungua zaidi wanapokunywa tangawizi, hasa kabla ya kula.

• Wanaotumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu na wanataka kutumia tangawizi kila siku. Wapimwe mara kwa mara ili sukari au shinikizo lisishuke mno.

Hata mtu mzima mwenye afya njema asizidishe gramu nne za unga kwa siku, yaani vijiko viwili vya chai. Akizidisha, ataungua kinywa na kifua, na huenda akaharisha.

KUNUNUA NA KUANDAA

Ukienda sokoni, iwe ni Marikiti, Kongowea au kibanda kilicho karibu nawe, chagua tangawizi ngumu, nzito na yenye ngozi iliyonyooka. Ukiivunja kidogo, itoe harufu kali mara moja. Iliyonywea, iliyolainika au yenye ukungu iache. Unga wa pakiti za bei rahisi mno wakati mwingine huchanganywa na vitu vingine, kwa hiyo ni afadhali ununue tangawizi nzima iliyokaushwa uisage mwenyewe.

Kuandaa maji ya tangawizi ni rahisi. Ioshe vizuri kuondoa udongo. Chukua kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ukimenye na kukiponda katika kinu kidogo. Kitie katika vikombe viwili vya maji, funika sufuria na uchemshe kwa moto mdogo kama dakika kumi, kisha chuja. Unaweza kukamulia limau. Asali au sukari iwe kidogo tu. Maji hayo yanatosha mtu mmoja kwa siku, na unaweza kuyabeba kazini katika chupa ya chai.

Iwapo umeyanywa kwa siku tatu au nne na hujaona nafuu yoyote, usiongeze kipimo. Nenda ukapimwe. Na utakapofika mbele ya daktari, mweleze bila haya kwamba umekuwa ukitumia tangawizi, kiasi gani na kwa muda gani. Wagonjwa wengi huficha habari hizi wakidhani watakemewa, ilhali humsaidia daktari kukuchagulia dawa zisizogongana na ulichokunywa nyumbani.

Kwa ufupi, tangawizi ni rafiki mkubwa wa tumbo, msaidizi wa kadiri wa maumivu, na kinywaji cha kuliwaza koo. Itumie kwa hayo, na maradhi yaliyobaki uyapeleke yanakotibiwa.

Nakutakia afya njema.